BARAZA LENYE MILANGO MIWILI
Somo: 2 Wakorintho 2:5-8



Nyumba zetu nyingi zina baraza. Mgeni anaketi hapo, anapumzika kidogo, kisha anaitwa ndani. Makanisa ya kale nayo yalikuwa na baraza lake, kabla ya kuingia mahali pa ibada. Liliitwa narteksi. Ni neno la Kigiriki. Kwanza lilikuwa jina la mmea wenye shina refu, tena likawa jina la kisanduku cha kutunzia marhamu, na baadaye jina la baraza hilo la kanisa.

Nani walikaa pale? Wale waliofundishwa kabla ya ubatizo, na wale walioanguka dhambini na kupewa adhabu. Walisikia Neno, lakini Mezani pa Bwana hawakufika.

Mwaka 325 viongozi wa kanisa walikutana Nikea. Kulikuwa na Wakristo waliokana imani wakati wa utawala wa Licinius, bila hata kulazimishwa. Mkutano uliamua hivi: miaka 3 kati ya wasikilizaji, miaka 7 kati ya wanaosujudu, miaka 2 ya kuomba pamoja na wote bila kushiriki Meza. Ni adhabu nzito! Lakini hesabuni vizuri: miaka 12, halafu mwisho. Aliyeanzia barazani alijua atarudi lini.

Wapendwa, baraza lina mlango wa kutoka njiani na mlango wa kuingia ndani. Ukifunga huu wa pili, umejenga gereza.

Wachungaji na wazee, swali ni letu. Dada yule tuliyemweka kwenye benchi la nyuma, tulimwambia ni mpaka lini? Nani amemtembelea? Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu yule ameadhibiwa vya kutosha. Wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni.

Na wewe uliye barazani leo, usirudi njiani. Pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Damu ya Yesu imekufungulia.

Juma hili, kila kanisa lisome majina ya walio chini ya adhabu. Kila jina lipewe siku ya kurudi, na mzee wa kumtembelea.

Amina.