Je, Samaki Huumia?



Injili ya Dominika ya tatu ya Pasaka, mwaka C, yatuambia kwamba Petro alivuta pwani wavu uliojaa samaki wakubwa 153. Mababa wa Kanisa waliandika mengi juu ya maana ya hesabu hiyo. Lakini samaki wenyewe, waliokuwa wakitapatapa pale mchangani, hatukuzoea kuwafikiria. Leo twataka kuwafikiria kidogo, kwa kuwa twaulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wanaosoma elimu ya viumbe: je, samaki anayenaswa na ndoana huona maumivu, au hutikisika tu kama jani lipeperushwalo na upepo?

Swali hili si la kitoto. René Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, aliwafananisha wanyama na mashine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, karne nne kabla yake, alikuwa amefundisha vingine: mnyama hana akili kama ya binadamu, lakini anayo roho yenye hisi. Kwa jambo hili Tomaso aliona mbali zaidi, wala hatusemi hivyo kwa sababu tu ndiye tuliyelelewa naye seminarini.

Mwaka 2003 wataalamu wakiongozwa na Bibi Lynne Sneddon walitangaza matokeo ya majaribio yao huko Roslin, Uskoti, pale pale alipozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996. Walimchunguza trauti, samaki wa maji baridi ambaye wakoloni walimleta hata katika mito ya Mlima Kenya. Kichwani mwake walipima vipokea-hisi 58, wakaona kwamba 22 kati ya hivyo ni vya kupokea madhara, kama vilivyomo katika ngozi yetu. Kisha wakawadunga baadhi ya samaki asidi ya siki midomoni. Samaki hao walipumua kwa kasi, wakayumba huku na huku, wakasugua midomo yao kwenye kokoto. Wale wasiodungwa asidi walirudia kula baada ya dakika 80 hivi. Waliodungwa, baada ya karibu saa tatu. Tena walipopewa mofini, dawa ile ile tunayopewa sisi hospitalini, kule kuyumba na kujisugua kukapungua.

Wapo wataalamu waliopinga. Bwana James Rose wa Marekani alikuwa ameandika mwaka 2002 kwamba samaki hana lile tabaka la nje la ubongo ambalo kwa binadamu hutambua maumivu. Mkono wetu, wasema wenye hoja hii, hukimbia sufuria ya moto kabla hatujasikia uchungu. Kumbe mwili waweza kushtuka pasipo mtu kuumia. Hoja hii ina uzito. Lakini mbona kuku naye hana tabaka la namna hiyo, na ni nani aliyefuga kuku akasema kwamba aliyevunjika mguu haumwi? Tena mshtuko wa mkono hupita mara moja. Haumfanyi mtu aache chakula kwa saa tatu. Kwa maoni yetu, mzigo wa kuthibitisha sasa uko mabegani mwa yule asemaye kwamba samaki haumii.

Je, basi wavuvi wazitupe nyavu zao? La hasha! Kristo Mfufuka mwenyewe aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya makaa, na nyumba nyingi kandokando ya maziwa yetu zasomesha watoto kwa samaki. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha wazi kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo sababu hakupatani na hadhi ya binadamu. Sasa tazameni anayevua kwa baruti: mshindo wapasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi wazama chini wasiokotwe na mtu, na matumbawe yavunjika. Tazameni pia kambare, ambaye aweza kupumua hewa, akakaa hai muda mrefu ndani ya beseni sokoni. Naye hupasuliwa tumbo angali hai, huku muuzaji na mnunuzi wakiendelea kupatana bei. Pigo moja zito la rungu kichwani lingemzimisha kwanza. Halihitaji fedha, wala halipunguzi utamu wa mchuzi.

Linabaki jambo la dagaa. Hao huvuliwa usiku kwa taa, maelfu kwa wavu mmoja, wakamwagwa mtumbwini na kufa polepole kwa kukosa maji. Hakuna rungu la kumfikia kila mmoja wao, na ndicho kitoweo cha maskini. Tumewauliza wavuvi kadhaa kama iko njia nyingine. Mzee mmoja alifikiri kwa kitambo, akatujibu: “Padre, labda barafu.” Nasi tukamwuliza barafu hiyo ingenunuliwa kwa fedha ya nani.