Viti Hamsini: Historia ya Uwakilishi wa Zanzibar katika Bunge la Muungano

Uwakilishi wa Zanzibar katika Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hujadiliwa mara nyingi kwa hesabu ya vichwa, ilhali asili yake ni makubaliano baina ya dola mbili. Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya Watanzania 61,741,120, yaani takriban asilimia 3. Lakini katika uchaguzi wa 2020 ilikuwa na majimbo 50 kati ya 264, yaani karibu asilimia 19. Mhadhara huu unaeleza namna tofauti hiyo ilivyozaliwa, na unatetea hoja kwamba idadi hiyo ni dhamana ya kikatiba, ambayo nguvu yake hutokana na namna wawakilishi wanavyopatikana na mambo wanayoyapigia kura.

Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere wa Tanganyika na Mzee Abeid Amani Karume wa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, ziliunganisha nchi mbili zilizotofautiana mno kwa ukubwa na kwa mfumo wa utawala. Tanganyika ilikuwa na Bunge. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka huo, ilitawaliwa na Baraza la Mapinduzi, lililoshika madaraka ya serikali pamoja na ya kutunga sheria. Hati hizo zilitaja mambo 11 ya Muungano, yaani yale yatakayosimamiwa kwa pamoja, kama vile ulinzi, mambo ya nje na uraia, na mengineyo ya Zanzibar yakabaki mikononi mwa Zanzibar yenyewe. Kwa kuwa Tanganyika haikubakiwa na chombo chake cha kutunga sheria, Bunge la Muungano lilibeba mizigo miwili: sheria za Muungano kwa nchi nzima, na sheria za mambo mengine yote ya Bara, yaani iliyokuwa Tanganyika.

Chini ya Katiba ya Muda ya 1965, wabunge wa majimbo 107 ya Bara walichaguliwa kwa kura za wananchi, ilhali Zanzibar iliwakilishwa na wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wasiozidi 32, pamoja na Wazanzibari wengine wasiozidi 20 walioteuliwa na Rais kwa kukubaliana na Rais wa Zanzibar. Dola ya Zanzibar, kwa hiyo, ilisikika bungeni, lakini mkulima wa karafuu wa Pemba hakuwa na mbunge ambaye angeweza kumwondoa kwa kura yake.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Baada ya vyama tawala, TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar, kuungana na kuunda CCM tarehe 5 Februari 1977, ilitungwa Katiba ya kudumu, na Januari 1980 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar likaanza kazi. Mjadala mkali kuhusu muundo wa Muungano, unaokumbukwa kwa jina la kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, ulifikia kilele kwa kujiuzulu kwa Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, Januari 1984. Marekebisho ya katiba yaliyofuata yalifungua njia ya uchaguzi wa 1985, ambapo Wazanzibari walichagua wabunge katika majimbo 50. Idadi hiyo haijabadilika tangu hapo, ingawa majimbo ya Bara yaliongezeka kutoka 182 mwaka 1995 hadi 214 mwaka 2020, na hivyo sehemu ya Zanzibar katika viti vya majimbo ikapungua kutoka karibu asilimia 22 hadi 19 bila kiti hata kimoja kuondolewa. Wabunge wengine watano huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake.

Hata hivyo, viti 50 peke yake haviwezi kuishinda kura ya Bara. Ngao halisi imo katika Ibara ya 98 ya Katiba, inayotaka mambo ya msingi ya Muungano, ikiwemo idadi yenyewe ya wabunge kutoka Zanzibar, yabadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, kura zikihesabiwa mbalimbali. Kwa kanuni hiyo, upande mdogo una sauti sawa na mkubwa pale mkataba unapoguswa.

Doa lililobaki ni kwamba wabunge wa Zanzibar huzipigia kura pia sheria za Bara zisizowahusu wapiga kura wao. Rasimu ya katiba mpya ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ya Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu na Bunge la Muungano la watu 75 litakaloshughulikia mambo ya Muungano pekee. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 lilishikilia muundo uliopo wa serikali mbili, na kura ya maoni kuhusu katiba mpya haikufanyika.

Kwa hiyo, wataalamu na viongozi watakaoifungua upya Katiba wana wajibu wa kuilinda theluthi mbili ya kila upande, na kutenganisha kura ya Muungano na kura ya Bara, ili mbunge wa Zanzibar aheshimiwe Dodoma kama mwakilishi wa mshirika aliyeingia katika Muungano kwa hiari.