Chama cha Wasanii na Wafanyabiashara Jirani Zake
(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama wanachama)



Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Vifaa vyake havikutoka ng'ambo. Vilikuwa vile vinavyouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi: ubao mwembamba uliokatwa mraba, na rangi ya mafuta ya makopo, ile waliyoitumia mafundi baiskeli. Alipofariki mwaka 1972 wanafunzi wake waliishika kazi, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Hivyo sanaa ambayo leo inasifiwa mbali ilianzia kwenye kaunta ya muuza misumari. Jambo hili vyama vingi vya wasanii vimelisahau.

Vimelisahau kwa sababu mgeni analipa vizuri. Msanii huketi akimngoja mtalii, na mtaa humpita mgongoni. Mwaka 2019 watalii waliofika Tanzania walizidi 1,500,000. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga safari, idadi ikashuka hadi kama 620,000. Chama chenye mteja wa aina moja hubaki na picha ukutani na rafu zisizo na unga. Lakini kinyozi, muuza dawa na mama mwenye mgahawa hawakupanda ndege kuondoka. Walikuwapo pale pale, na vibao vyao vimepauka kwa jua.

Wako wanachama watakaosema kwamba kuandika vibao ni kazi duni kwa mchoraji. Hoja hiyo haifai kuchekwa, kwani chama kikiwashurutisha mafundi wake bora kuandika bei za chipsi, kitawapoteza. Basi asishurutishwe mtu. Waulizwe wanaotaka, na kwa kawaida vijana, ambao picha zao bado hazijapata mnunuzi, watakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa, mfanyabiashara anataka nini? Ni mara chache agombane na msanii kwa ajili ya rangi. Ugomvi wao ni wa siku. Mwenye duka hutoa arbuni kwa msanii aliyemkuta kivulini. Nusu ya fedha hununua rangi, nusu huenda nyumbani. Siku ya kufungua duka inafika na kibao hakipo. Mwenye duka hasemi kwamba fulani amemdanganya. Husema, "Wale wa chama ni waongo." Deni la mtu mmoja limekuwa aibu ya wote, na hapo ndipo kamati inapopaswa kuingia.

Agizo lipokewe na katibu, si na msanii. Liandikwe katika daftari la maagizo: vipimo vya kibao, maneno yote herufi kwa herufi, rangi, bei na siku ya kukabidhi, kisha mteja atie sahihi. (Herufi kwa herufi, ndugu makatibu! Neno likikosewa na mteja ndiye aliyeliandika hivyo, gharama ni yake. Bila sahihi, chama kitalipa ubao mwingine.) Arbuni iingie kwa mtunza hazina na itolewe stakabadhi. Msanii apewe kwanza rangi na ubao. Fedha ya ufundi aipate kazi ikikabidhiwa. Akiugua, kazi apewe mwenzake kabla siku haijapita. Na bei iwe moja kwa kipimo kimoja, ili wanachama wasishushiane bei mlangoni mbele ya mteja.

Rangi yenyewe inunuliwe kwa pamoja. Mwanachama anayenunua kopo moja hana sauti dukani. Chama kinachochukua katoni kadhaa kwa mwezi kinaweza kuomba bei ya jumla, na muuza duka naye anapata mteja wa kutegemea. Huyo huyo atahitaji kibao.

Kwa wenye hoteli na migahawa, picha zinaweza kutundikwa kwa mali kauli: ukuta wao unapendeza, picha ikiuzwa wanapata sehemu yao, isipouzwa inarudi. Utaratibu huu ni mzuri, lakini unahitaji orodha yenye sahihi mbili na ukaguzi kila mwezi, kwa kuwa picha hupauka, hupasuka, na wakati mwingine huuzwa kimyakimya. Kutundika picha si kuuza haki ya kuichapa. Hoteli ikitaka kuiweka kwenye kalenda au kwenye fulana, huo ni mkataba mwingine na malipo mengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji katika hilo. Mwenye biashara akisema kwamba picha itolewe bure kwa sababu "inamtangaza msanii", katibu amjibu kwa adabu kwamba chama hakinunui rangi kwa matangazo.

Mwaka 1995, mjini Manchester, Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani uliongeza kanuni ya saba, ya kuijali jamii. Wengi huisoma kama kanuni ya sadaka. Kinyozi hakuomba sadaka. Aliomba kibao kwa Jumamosi.

Makatibu watakaofika katika mkutano ujao waje na daftari la maagizo. Ambaye hana, aje na orodha ya wateja ambao kazi zao hazijakabidhiwa, pamoja na kiasi cha arbuni alichopokea kwa kila mmoja.