Bustani ya Juu, Jirani wa Chini

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Ninyi wa Kadutu munajua namna tunavyoishi. Kilima ni kikali, nyumba zimebanana, na ua wa mtu uko sawa na bati la mwenzake wa chini. Nani kati yetu ana shamba? Mboga zinatoka Kabare, Walungu na Idjwi, tunazikuta sokoni. Mwezi wa pili 2025, vita ilipoingia Bukavu na benki zikafungwa, wengi walifika sokoni na mikono mitupu. Ndipo sisi wa nyumba ya mchungaji, pamoja na wamama wa kanisa, tulipoangalia dale ya simenti iliyo juu ya chumba cha maombi, tukasema: hapa tutalima.

Tulikusanya bidoni za lita 20 zilizopasuka, tukazikata kwa urefu, tukatoboa matundu chini ili maji yasisimame. Mbegu hazikutusumbua; udongo ndio ulitusumbua. Vijana walichukua majembe waende kuchimba ukingoni mwa korongo. Papa mmoja mzee akawazuia: "Mukitoa udongo hapa, mvua itatoa nyumba." Alisema kweli. Tukaacha kilima, tukaozesha maganda ya viazi na ya ndizi, tukayachanganya na udongo wa shamba la ndugu mmoja wa Kabare, ulioletwa mfuko kwa mfuko, mgongoni.

Wapendwa, furaha ilikuwa kweli. Lengalenga inachumwa karibu juma la nne. Siku ya kwanza ya kuchuma, wamama waliimba kama watu waliovuna bonde zima. Tulipata pia selari na vitunguu vya majani. Wajane walipeleka mboga nyumbani bila kutoa franga. Watoto walimwagilia maji mbele ya kwenda masomoni, wakajifunza kungojea.

Taabu pia ilikuwa kweli. Udongo kidogo hauweki akiba ya maji, na simenti ikipata jua inapika mizizi. Kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, tulipandisha maji kwa ngazi asubuhi na jioni, wakati hata maji ya kupikia yalikuwa ya kutafuta. Nyanya zote zilikauka. Zaburi ya 129 inasema juu ya majani yanayoota juu ya nyumba na kunyauka mbele ya kukomaa. Tulipoisoma mwaka ule, tuliielewa.

Lakini neno tulilotaka kuwaambia leo si hilo.

Ili mimea ipate jua, tulipanga bidoni kwenye ukingo wa dale. Nusu ya bidoni yenye udongo uliolowa inafika kilo 15, hata zaidi. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mvua ya upepo ilisukuma moja. Ilitoboa bati la jirani wa chini, ikaanguka hatua moja kutoka kitanda walipolala watoto wake wawili. Mungu aliwalinda. Hatukuwalinda sisi.

Tulishuka usiku ule ule kuomba musamaha. Baba wa nyumba hakupiga kelele. Alituambia tu: "Mchungaji, kila siku ya Mungu nyimbo zenu zinatushukia. Leo udongo wenu pia umeshuka."

Hatukulala. Tulifungua Neno. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa la sawasawa, na watu waliishi juu yake. Rahabu alificha wapelelezi juu ya paa, chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda juu ya nyumba kuomba. Habari ya Petro tumeihubiri mara nyingi. Lakini Torati 22:8 inaagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia ya damu. Andiko hilo hatukulihubiri hata mara moja. Tulikuwa tumeomba baraka ya kupanda juu, bila kuuliza ni nani anayelala chini.

Tulinunua bati jipya. Tulijenga ukuta wa tofali za simenti kuzunguka dale yote. Bidoni zilikuwa 40. Leo ziko 26, zote chini, mbali na ukingo. Mavuno yamepungua, na wamama wengine walinung'unika. Lakini fungu la kwanza la lengalenga linashuka kwa jirani wa chini, na watoto wale wawili wanapanda kutusaidia kumwagilia. Baba yao hajaingia kanisani kwetu. Salamu anaitikia.

Ndugu, dada, pengine wewe huna bustani. Lakini una kitu ulichokiweka juu ya wengine: maji machafu unayomwaga usiku, korongo unalolichimba, redio unayoifungua kwa nguvu, deni usilolilipa. Kabla ya kumshukuru Mungu kwa kinachoota kwako, inama uangalie chini. Nani analala pale? Ukuta uko wapi?

Juma hili, jenga ukuta wako. Kiisha panda mbegu.

Bwana awabariki. Amina.