"Uko Wapi?" Swali la Kwanza Kwenye Simu ya Dharura

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tuko na mama wa hapa Bujumbura anayepokea simu za dharura na kutuma magari ya wagonjwa.

MAMA: Watu hudhani kazi hii inataka kusema vizuri. Inataka kusikiliza vizuri.

Usiku mmoja kijana alipiga akilia: "Kaka yangu anavuja damu! Avenyu ya 5!" Simu ikakatika. Nikatuma gari Bwiza. Kumbe alikuwa Buyenzi. Mitaa yote miwili ina avenyu za namba. Namba yake ya simu nilikuwa nayo, ningeweza kumpigia nimuulize. Sikufanya hivyo. Mgonjwa alipona, lakini dakika zile zilizopotea ni zangu.

Tangu hapo naanza na: uko wapi? Nikijua mahali, hata simu ikikatika gari litafika. Nikijua ugonjwa tu, gari litazunguka.

Pili, sauti. Nikipandisha yangu, anayepiga naye hupandisha. Nasema polepole, kwa lugha yake: Kirundi, Kiswahili au Kifaransa. Kisha nampa kazi: "Chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu, usikiondoe kuchungulia." Mikono ikipata kazi, hofu hupungua.

Tatu, kuchagua. Mnakumbuka mafuriko ya usiku, Februari 2014, Kamenge, Kinama na Buterere. Usiku wa namna hiyo simu ni nyingi, magari ni machache. Anayepiga kelele sana si lazima awe ndiye aliye hatarini zaidi. Nauliza: mgonjwa anaitika? Anapumua vizuri? Asiyepumua vizuri hutangulia.

Nanyi kambini mnaweza kujiandaa. Jueni namba ya bloki na ya nyumba yenu, na alama iliyo karibu: bomba la maji, shule, kanisa au msikiti. Ulizeni kituo cha afya: usiku tupige namba gani, au tumkimbilie nani? Mkisubiri gari, mmoja asimame njiani na tochi. Na usikate simu mpaka anayekuuliza amalize.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, jioni hii muulize mtoto wako: "Tukipata shida usiku, utasema tuko wapi?" Akishindwa kujibu, mfundishe kabla hajalala.

(Muziki.)