Mtoto Asiyegeuka Akiitwa: Dalili za Mapema za Usonji

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi katika kliniki ya mama na mtoto)



Mazungumzo ya leo yanaanza na mtoto wa mfano. Jina lake liwe Baraka. Ana miezi 20. Alitembea kwa wakati, anakula vizuri na uzani wake uko sawa kwenye kijitabu cha kliniki. Hata hivyo, mamake ana jambo linalomkosesha usingizi. Akimwita, "Baraka! Baraka!", mtoto hageuki. Lakini karatasi ya biskuti ikichakarishwa chumba cha pili, huja mbio. Wenzake wakicheza nje, yeye huketi peke yake akipanga vifuniko vya soda mstari mmoja. Mtu akisogeza kimoja tu, hulia hadi sauti inakauka. Alipofika mwaka 1 alikuwa akisema "mama" na "maji". Siku hizi maneno hayo hayasikiki tena.

Mama anapomweleza mama mkwe, anajibiwa: "Hata babake alichelewa kusema. Mwache." Jirani mmoja anasema mtoto amerogwa. Mwingine anasema amedekezwa. Kila mtu ana lake, na miezi inapita.

Huenda Baraka ana usonji, na huenda hana. Hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu akiwa mlangoni. Lililo wazi ni kwamba mtoto huyu anafaa kuchunguzwa sasa, si mwaka ujao.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua. Hugusa namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyocheza. Hauambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Watoto wenye hali hii hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine anasoma na kuzungumza vizuri ila hushindwa kuelewa mchezo wa wenzake.

Chanzo chake si laana wala uchawi, na si kosa la mama. Urithi wa kijenetiki una nafasi kubwa. Kuna pia uvumi kuhusu chanjo. Uvumi huo ulipata nguvu kutokana na makala yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida lililoyachapisha, The Lancet, liliyafuta mwaka 2010, na uchunguzi uliofanyiwa watoto wengi katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Kinachowachanganya wazazi ni umri. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, wakati uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi.

Mzazi atazame nini?

- Kufikia miezi 9: mtoto hageuki akiitwa jina lake, au hatabasamu anapotabasamiwa.
- Kufikia miezi 12: hapungi mkono wa kwaheri, wala hanyooshi mikono abebwe.
- Kufikia miezi 18: haonyeshi kitu kwa kidole. Ndege ikipita angani, hamwonyeshi mamake.
- Kufikia miezi 24: haunganishi maneno mawili yake mwenyewe, kama "mama njoo".
- Katika umri wowote: anapoteza maneno au tabia alizokuwa nazo, kama kupunga mkono.

Zipo pia tabia za kurudiarudia: kupiga mikono hewani, kuzungusha gurudumu la gari la kuchezea badala ya kuliendesha, kutembea kwa vidole vya miguu, kuziba masikio kwa sauti za kawaida, au kuhangaika sana ratiba inapobadilika kidogo.

Dalili moja pekee haitoshi kusema mtoto ana usonji. Watoto wengi hutembea kwa vidole kisha huacha. Lakini dalili zikiwa kadhaa, au mtoto akipoteza maneno, mzazi asingoje. Pia, mtoto kusikia lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza nyumbani hakusababishi usonji. Familia isiache lugha yake kwa hofu hiyo.

Hatua ya kwanza ni kliniki. Ziara ya chanjo ya miezi 18 ni nafasi nzuri, lakini si lazima kuingoja. Mzazi amwambie muuguzi waziwazi anachokiona. Video fupi ya simu ikionyesha mtoto akicheza au akiitwa humsaidia sana daktari, kwa kuwa mtoto akiwa kliniki huenda asifanye anayofanya nyumbani. Masikio yapimwe kwanza, hata kama mtoto hukimbilia karatasi ya biskuti, maana kuna watoto wanaosikia sauti fulani na kukosa nyingine. Baadaye anaweza kuelekezwa kwa daktari wa watoto na kwa wataalamu wa matamshi. Kuhusu masomo, Kenya ina vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984.

Hakuna dawa ya kuponya usonji, na anayeiuza anakula pesa za mzazi. Kinachosaidia ni mafunzo ya mapema, na mengi huanzia nyumbani. Mzazi akae chini, uso kwa uso na mtoto. Ataje kile mtoto anachokishika: "Kikombe. Kikombe chekundu." Kisha anyamaze kidogo, ampe nafasi ya kujibu, hata kama ni kwa macho tu. Ratiba ya kula, kuoga na kulala isibadilike ovyo.

Kumfungia mtoto chumbani wageni wanapokuja humnyima nafasi ya kujifunza. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu.

Turudi kwa Baraka. Mamake anahitaji mtu mmoja nyumbani wa kumwambia, "Twende." Huyo anaweza kuwa baba. Anaweza kuwa mama mkwe yuleyule, aliyemlea mtoto aliyechelewa kusema na anayekumbuka alivyokuwa. Masikio yakipimwa na yote yakionekana sawa, familia itakuwa imepoteza asubuhi moja tu. Ikiwa ni usonji, Baraka atakuwa ameanza kusaidiwa kabla ya kutimiza miaka 2.

Mwenye swali asiondoke nalo, wauguzi wapo.