Simu Yako Ni Amana: Tujikinge na Wezi wa Mtandaoni

(Mazungumzo na vijana na familia baada ya futari)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada. Sitawachosha, najua tarawehe inakaribia. Nimeombwa niseme juu ya wezi wa mtandaoni kwa sababu ndiyo masomo yangu chuoni. Lakini nitaanza nyumbani.

Nyanya yangu anaishi Mwingi. Ramadhani iliyopita alipata ujumbe kwamba amepokea shilingi 3,500. Hata dakika mbili hazijaisha, simu ikaita. Kijana akamwita "susu", kwa Kikamba kizuri cha heshima, akasema amekosea namba na pesa hizo ni za dawa ya mama yake. Nyanya akamwonea huruma, akamrudishia. Kumbe hakuna pesa iliyoingia! Alichotuma kilikuwa chake mwenyewe, cha futari ya nyumba nzima. Na lililoniuma zaidi ni kwamba alinyamaza wiki tatu. Aliona aibu, akidhani sisi wasomi tutamcheka.

Jamani, ningemcheka kwa lipi? Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza nilimpa "rafiki" tarakimu 6 zilizoingia kwa simu yangu. Akachukua WhatsApp yangu, akaanza kuwaomba jamaa zangu pesa. Rafiki wa kweli alikuwa ameshaibiwa akaunti yake zamani.

Mnaona? Mwizi hakuvunja simu. Alipitia huruma ya nyanya na haraka yangu mimi.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mfuko wetu uko ndani ya simu. Kitui, Wote, Kibwezi, karo na hata pesa za mbuzi wa sokoni zinapita humo. Basi tushike haya:

Kwanza, usiamini ujumbe, angalia salio. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya mtu. Anayedai amekosea, mwambie apeleke ujumbe wake kwa 456, kampuni ishughulikie. Hujamdhulumu, kama ni haki yake ataipata.

Pili, namba ya siri na zile tarakimu za kuthibitisha hazipewi mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Tatu, linki ya bando la bure au msaada wa Idi, usiibonyeze wala usiitume kwa kundi la familia.

Nne, simu yako ikipoteza mtandao ghafla na wenzako wanao, huenda laini yako imehamishwa kwa kadi ya mtu mwingine. Usingoje asubuhi. Azima simu, piga huduma kwa wateja.

Wakubwa pia hushambuliwa. Julai 2023 huduma za eCitizen zilikwama, na kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Njia yao ni kama kujaza watu elfu mlangoni mwa duka, hakuna anayenunua, na mteja wa kweli asipate pa kupita. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Wasudani wawili. Na hapa kwetu, Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta tangu 2018. Kwa hiyo ukiibiwa, nenda polisi ukaripoti.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat aya ya 6 inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukajuta. Tuliihifadhi madrasa tukiwa wadogo. Basi tuitumie na kwenye simu.

Vijana, nina ombi moja. Usiku huu keti na nyanya yako, umwonyeshe jinsi ya kuangalia salio. Na akikuambia ameibiwa, usimcheke. Mwizi anaishi kwa aibu yetu. Tukinyamaza, kesho atapiga kwa jirani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.